Dakika 15 au siku nzima? Mafia na mlango wa masijala ya barua pepe

Na Mwandishi Wetu, Mafia

KWA miaka mingi, mtu aliyetaka kusoma jalada la ofisi ya Serikali alilazimika kwanza kumpita karani wa masijala. Kulikuwa na dirisha, daftari la kuandikisha majalada yanayotoka na yanayorudi, na kufuli. Majalada ya siri yalikuwa na masijala yake, na ufunguo wake haukukaa mfukoni mwa kila mtu.

Sehemu kubwa ya mawasiliano hayo sasa imehamia kwenye barua pepe. Nafasi ya karani aliyekuwa akisimama dirishani imechukuliwa, pamoja na mambo mengine, na mpangilio mmoja mdogo ambao watumishi wengi hawajapata kuuona kwa macho: muda ambao mfumo humvumilia mtu aliyeingia kisha akanyamaza, kabla ya kumtoa nje na kumtaka aandike upya neno lake la siri.

Mpangilio huo ni tarakimu tu. Ikiwa ndogo kupita kiasi, mtumishi hutolewa nje kila anapoinuka kupokea simu. Ikiwa kubwa kupita kiasi, mtu yeyote anayekaa kwenye kiti chake wakati wa chakula cha mchana huikuta masijala nzima ikiwa wazi.

Kwa ofisi zilizoko Dodoma au Dar es Salaam, jambo hilo linaweza kuonekana kama suala la mafundi. Kwa Kisiwa cha Mafia, ambako barua ya karatasi husubiri boti na boti husubiri bahari, ni suala la utawala.

Wilaya ya Mafia ni sehemu ya Mkoa wa Pwani, na makao yake makuu yako Kilindoni. Ofisi ya mkoa iko Kibaha, wizara ziko Dodoma, na anayetaka kuvuka kwa njia ya maji hupitia Nyamisati, wilayani Kibiti. Umeme wa kisiwa hicho kwa miaka mingi umetegemea mitambo ya dizeli iliyopo kisiwani humo humo, na si gridi ya Taifa. Katika mazingira hayo, barua pepe haikuja kama anasa, bali ilikuja kuziba pengo ambalo bahari imeliweka tangu zamani.

Mfano ulio wazi ni Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 chini ya sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu ya mwaka 1994, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini. Kazi za hifadhi kama hiyo haziishii Utende. Zinahusu wavuvi wa Jibondo, Juani na Chole, wenye hoteli, watafiti wa papa potwe na kasa, wafadhili walio nje ya nchi na makao makuu ya taasisi yake bara. Uhusiano wa watu walio mbali kiasi hicho hauwezi kuendeshwa kwa vikao peke yake, bali huendeshwa kwa maandishi, na maandishi hayo siku hizi hupita mtandaoni.

Hapo ndipo ghala la barua pepe linapoingia. Ghala hilo halipaswi kuchanganywa na kisanduku cha kawaida cha barua. Kisanduku ni cha mtu mmoja, naye aweza kufuta anachotaka. Ghala hutunza nakala ya kila barua iliyoingia na kutoka, hata ile ambayo mwenyewe alikwisha kuifuta, na huitunza kwa miaka. Aliyepewa ruhusa hulifungua kwa kivinjari cha kawaida cha intaneti, huandika jina au neno analolitafuta, na katika muda mfupi hupata barua zote za tangu mfumo ulipoanza.

Faida yake haina ubishi. Ofisa anayehamishwa kutoka Mafia kwenda wilaya nyingine haondoki na kumbukumbu za ofisi. Mgogoro wa mpaka wa kiwanja ukiibuka baada ya miaka sita, barua ya kwanza ya malalamiko inapatikana. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imempa mwananchi haki ya kuomba taarifa na kuitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30, na ofisi isiyoweza kupata barua zake yenyewe haiwezi kujibu kwa wakati. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 nayo imeweka wajibu wa kuzitunza kumbukumbu za umma.

Lakini kitu kinachorahisisha kazi ya mwenye haki humrahisishia vilevile asiye na haki. Mwizi wa jalada la karatasi huondoka na jalada moja. Anayelikuta ghala la barua pepe likiwa wazi kwa dakika kumi anaweza kutafuta neno "zabuni", kisha "nidhamu", kisha jina la jirani yake.

Uzito wa jambo hilo huongezeka mahali ambapo watu wanafahamiana. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 46,000 katika wilaya nzima ya Mafia, idadi inayozidiwa na baadhi ya kata za Dar es Salaam. Barua kuhusu mwalimu aliyefunguliwa shauri la nidhamu, au mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Muhimbili, haihitaji kuchapishwa gazetini ili imdhuru mhusika. Yatosha isomwe na mtu mmoja Kilindoni asubuhi. Kabla ya jua kuzama itakuwa imefika Bweni.

Ili kuelewa kwa nini tarakimu hiyo ni ngumu kupangwa, ni lazima kwanza kufahamu jinsi mfumo unavyomtambua aliyenyamaza.

Mtumiaji anapoandika jina lake na neno la siri, seva humpa kivinjari chake alama ndogo iitwayo kuki, mfano wa namba anayopewa mteja anapoacha mzigo wake mapokezi. Kila anapobofya kitu, kivinjari huionyesha alama hiyo, na seva huanza kuhesabu muda upya. Muda uliowekwa ukipita bila mbofyo wowote, seva huifuta alama hiyo kwenye daftari lake, na mbofyo unaofuata humrudisha mtumiaji mlangoni.

Tatizo ni kwamba seva haimwoni mtu, inaona mibofyo tu. Ofisa anayesoma ripoti ya kurasa 40 iliyoambatishwa kwenye barua, au anayeandika maelezo marefu kwenye fomu ya utafutaji, yuko kazini kwa bidii zote. Seva, isipokuwa kama ukurasa umetengenezwa utume ishara za ziada, humhesabu kuwa amelala. Akimaliza kuandika na kubonyeza kitufe cha kutuma, hujikuta ameletewa ukurasa wa kuandika neno la siri, na huenda maandishi yake yamepotea.

Kwenye mtandao wa kasi kero hiyo huchukua sekunde chache. Kwenye mtandao wa kusuasua sura yake ni nyingine kabisa. Mbofyo ambao haujafika kwenye seva si mbofyo. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, mtumiaji hubofya mara tano huku saa ya seva ikiendelea kuhesabu ukimya wake. Isitoshe, ipo mifumo inayomfunga mtumiaji kwenye anwani ya mtandao aliyoingilia, na anayetumia modemu ya simu anaweza kubadilishiwa anwani hiyo kila mtandao unapopotea na kurudi. Huyo hutolewa nje hata kama hakunyamaza.

Mwezi Mei mwaka 2024 ulionyesha jinsi hali inavyoweza kuwa. Tarehe 4 ya mwezi huo kimbunga Hidaya kiligusa nchi kavu katika Kisiwa cha Mafia. Siku nane baadaye, Mei 12, nyaya za mawasiliano za EASSy na SEACOM zinazopita chini ya bahari zilikatika, na huduma ya intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi nyingine kadhaa za ukanda huu. Siku kama hizo ndizo ambazo wilaya hulazimika kupekua mawasiliano yake kuliko siku nyingine zote: nani aliahidi nini, mahema yaliombwa lini, barua ya tathmini ilitumwa kwa nani. Mpangilio wa dakika tano uliobuniwa na mtu mwenye mtandao imara hugeuka kuwa kizuizi siku hiyo hiyo.

Na watumishi, kama binadamu wengine, hawakubali kusumbuliwa bila kutafuta njia ya mkato. Anayetolewa nje mara 12 kwa siku huanza kuchagua neno la siri fupi. Hulibandika kwenye fremu ya kompyuta. Hukiruhusu kivinjari kilikumbuke kwa niaba yake, na tangu hapo kutolewa nje hakuna maana tena, kwa kuwa yeyote aliyekaa kwenye kiti hicho hurudi ndani kwa mbofyo mmoja. Kwa maneno mengine, ukali uliopita kiasi huzaa ulegevu uliofichika, ambao ni mbaya zaidi kwa sababu kwenye karatasi za ukaguzi kila kitu huonekana kiko sawa.

Upande wa pili nao una mitego yake, na mmoja unahusu umeme.

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta ikizimika ghafla, kila kilichokuwa wazi hufungwa. Sivyo inavyokuwa siku zote. Umeme unapokatika, seva iliyoko bara haipati taarifa. Kwa hesabu yake mtumiaji bado yumo ndani na muda wake haujaisha. Umeme ukirudi, vivinjari vingi vya sasa vina uwezo wa kurejesha kurasa zilizokuwa wazi pamoja na alama zake. Kama muda wa ukimya uliwekwa saa nane, ofisa aliyekwenda nyumbani kwa sababu ya giza ameacha mlango wazi, na wa kwanza kuiwasha kompyuta hiyo, awe mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo au fundi aliyeitwa kurekebisha printa, anaweza kuingia bila kuombwa neno la siri.

Kuna pia makosa ya kifundi yanayotokana na kipimo. Katika baadhi ya seva zinazotumika sana, zile za jamii ya Tomcat, muda huandikwa kwa dakika, na usipoguswa huwa 30. Katika mifumo iliyoandikwa kwa lugha ya PHP muda huandikwa kwa sekunde, na usipoguswa huwa 1,440, yaani dakika 24. Msimamizi aliyezoea sekunde akiandika 1,800 mahali panapodai dakika, akidhani ameweka nusu saa, atakuwa ameweka saa 30. Na kwenye Tomcat, anayeandika sifuri akidhani anazuia kabisa huwa amefanya kinyume chake: sifuri maana yake ni kutomtoa mtu kamwe.

Hata tarakimu ikiwa sahihi, yaweza isifanye kazi. Mfumo mmoja mara nyingi una milango zaidi ya mmoja: wa ghala lenyewe, wa seva iliyo mbele yake, na wa akaunti kuu inayofungua huduma zote za ofisi kwa pamoja. Msimamizi akiongeza muda kwenye ghala huku mlango wa mbele ukibaki na muda mfupi, watumishi wataendelea kulalamika naye ataendelea kuapa kwamba alikwisha kurekebisha. Kinyume chake, ghala likimtoa mtu nje ilhali akaunti kuu bado iko hai, atarudi ndani bila hata kuulizwa jina. Mlango unaonekana umefungwa, kumbe haukukomewa.

Nchi nyingine zimelifikiria jambo hili kwa kina. Mwongozo wa utambuzi wa kidijitali wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2017 uliweka ukomo wa dakika 30 za ukimya kwa ngazi ya kati ya usalama na dakika 15 kwa ngazi ya juu, na kwa ngazi zote mbili ukataka mtumiaji ajitambulishe upya baada ya saa 12 hata kama hakunyamaza. Toleo la mwaka 2025 lililegeza ngazi ya kati, likapendekeza ukimya usiozidi saa moja. Kampuni zinazohusika na kadi za benki nazo zimeng'ang'ania dakika 15.

Kulegezwa huko si bahati mbaya. Ni kukiri kwamba kumsumbua mtumiaji kupita kiasi hakumwongezei usalama. Miongozo ya kimataifa ya tovuti zinazofikika na watu wenye ulemavu, tangu toleo la mwaka 2008, imekuwa ikitaka mtumiaji aonywe kabla muda haujaisha na apewe angalau sekunde 20 za kuomba nyongeza kwa kitendo rahisi. Aliyeandika kanuni hiyo alikuwa akimfikiria mtu asiyeona vizuri au anayeandika polepole. Bila kukusudia, alimwandikia pia ofisa wa Kilindoni mwenye mtandao hafifu, ingawa kwake yeye sekunde 20 ni chache mno.

Hapa nchini, mazingira ya kisheria yamebadilika haraka. Kuna wakati watumishi wengi wa umma walitumia Yahoo na Gmail kwa shughuli za ofisi, na kila mmoja aliondoka na kumbukumbu zake alipostaafu. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hiyo inamtaka anayetunza taarifa za watu achukue hatua za kuzilinda, na taarifa za watu ndizo hasa zinazojaa kwenye ghala la barua pepe.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu ambacho hakizungumzwi sana. Mbali na kukataza kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, kifungu cha 5 kinakataza mtu kubaki ndani ya mfumo kwa makusudi na isivyo halali baada ya muda alioruhusiwa kwisha.

Kifungu hicho kinaipa tarakimu ya msimamizi uzito ambao pengine hakuutarajia. Ofisi ambayo haikuweka ukomo wowote itapata shida kueleza ni lini muda wa mtu uliisha. Na kijana aliyelikuta ghala likiwa wazi akasoma, je, atasemwa aliingia, au alibaki, au aliachiwa mlango na mwenye dhamana? Ni dhahiri kwamba kosa la msomaji halifuti uzembe wa aliyeondoka, lakini ni rahisi zaidi kumkamata aliyeonekana kitini kuliko kumuuliza aliyepanga saa nane.

Swali la msingi basi ni nani apange. Kwa desturi, tarakimu hiyo hupangwa na mtaalamu wa TEHAMA, mara nyingi akiwa mbali na kisiwa, na mara nyingi huiacha kama alivyoikuta kwenye mfumo. Mtunza kumbukumbu, ambaye ndiye mrithi wa karani wa masijala na ndiye ajuaye barua ipi ni nyeti, haulizwi. Hilo ni kosa. Mtaalamu anajua mfumo unaweza nini. Mtunza kumbukumbu anajua mfumo una nini ndani yake. Mkuu wa idara ndiye atakayeitwa kueleza siri ikivuja.

Kosa la pili ni kutafuta tarakimu moja kwa watu wote. Ofisa anayeruhusiwa kuona barua zake mwenyewe tu hana hatari sawa na mkaguzi au msimamizi anayeweza kupekua barua za idara zote. Huyu wa pili dakika 15 zinamtosha, na asilalamike. Wa kwanza anaweza kupewa dakika 30 au hata 45 mahali ambapo mtandao unasumbua, kwa sharti kwamba kompyuta yake haitumiwi na wengine kwa jina hilo hilo, kwamba onyo hutokea dakika mbili kabla, na kwamba alichokwisha kukiandika hakipotei. Kufungamanisha akaunti na anwani ya mtandao kuondolewe kwa wanaotumia modemu za simu, vinginevyo hesabu nyingine zote ni bure.

Juu ya yote hayo uwekwe ukomo wa jumla usioangalia mibofyo. Saa za kazi serikalini, kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, ni saa nane. Hakuna sababu ya mlango uliofunguliwa asubuhi kuwa wazi usiku, hata kama kuna ukurasa unaojifungua upya wenyewe kila baada ya dakika chache na kuidanganya seva kwamba mtu yupo.

Na kabla tarakimu yoyote haijapitishwa, ijaribiwe Kilindoni na Utende, mchana wa siku ya kawaida ya kazi, kwa kompyuta ile ile ya ofisi na mtandao ule ule. Jaribio lililofanywa Dodoma huonyesha hali ya Dodoma.

Bado litabaki jambo moja ambalo muda wa ukimya hauligusi kabisa. Kila kiambatisho ambacho ofisa amekifungua na kukipakua hubaki ndani ya kompyuta, kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, baada ya ghala kufungwa na hata baada ya akaunti yake kufutwa. Mtu hahitaji neno la siri la ghala ili kuisoma folda hiyo, anahitaji tu kukuta skrini haijafungwa. Katika ofisi nyingi, hakuna aliyewahi kupewa jukumu la kuisafisha.